Kengele Inayotaja Chumba: Ving'amuzi vya Moshi Vyenye Anwani na Majengo Yetu ya Biashara
Maneno ya Afisa Habari wa Halmashauri mbele ya wamiliki wa maduka na nyumba za kulala wageni, wajumbe wa bodi za shule na viongozi wa vijiji, Kata ya Nyamuswa



Nimepewa nafasi ya kuzungumza juu ya king'amuzi cha moshi. Najua neno king'amuzi limekwisha kutekwa na televisheni, na mzee mmoja aliposikia mada hii aliniuliza kama Halmashauri sasa inauza chaneli. Hatuuzi. King'amuzi ninachokisema ni kile kisahani cheupe, ukubwa wake kama kisosi cha chai, kinachobandikwa darini ili kunusa moshi kabla ya mtu kuunusa. Mimi si fundi wa umeme wala askari wa zimamoto. Kazi yangu ni kuuliza wanaojua na kuwafikishia wananchi majibu kwa lugha inayoeleweka. Nitakayoyasema yamejengwa juu ya majibu hayo.

Mradi wa barabara ya Kisorya, Bulamba, Bunda hadi Nyamuswa umebeba jina la kata yetu, na barabara haiji peke yake. Huja na fremu za maduka, gesti za vyumba kumi na viwili, stoo za nafaka na pamba, mabweni, na ghorofa ya kwanza ya mtu aliyethubutu. Majengo ya namna hiyo yana tabia moja ambayo nyumba zetu za zamani hazikuwa nayo: moto unaweza kuwaka katika chumba kimoja bila mtu wa chumba cha nne kuona wala kusikia chochote. Katika boma la kawaida, moshi ukianza jikoni mama anauona. Katika jengo lenye ukumbi mrefu na milango iliyofungwa, wa kwanza kuuona huwa hayupo, au amelala.

Usingizi ndio adui mkubwa katika habari hii. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Septemba 2020, ng'ambo ya pili ya Ziwa letu, moto ulizuka katika bweni la Shule ya Msingi ya Kiislamu Byamungu wilayani Kyerwa, mkoani Kagera, na watoto 10 wakapoteza maisha. Agosti 2009, katika Shule ya Sekondari Idodi mkoani Iringa, wasichana 12 walikufa bwenini kwa moto uliohusishwa na mshumaa. Juni 1994 huko Rombo, Shule ya Sekondari Shauritanga ilizika wasichana wapatao 40. Na kwa jirani zetu wa Kenya, usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, wavulana 67 waliteketea katika Shule ya Sekondari Kyanguli, Machakos, baada ya petroli kumwagwa bwenini na kuwashwa. Mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo.

Sikuzitaja shule hizi ili kuwatia hofu wazazi. Nimezitaja kwa sababu zote ziliungua usiku, zote zikiwa na watu waliolala. Wengi hudhani mtu aliyelala ataamshwa na harufu ya moshi. Wataalamu wanatuambia kinyume chake: pua ya mtu aliyelala imelala pia. Moshi hubeba hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo humzidishia aliyelala usingizi badala ya kumwamsha. Wengi wanaokufa katika moto wa nyumba huuawa na moshi kabla mwali haujawagusa. Sikio, tofauti na pua, hubaki macho zaidi. Ndiyo maana kazi yote ya king'amuzi ni kuigeuza habari ya moshi kuwa kelele.

Hata pale ambapo hapakuwa na mtu wa kuamka, giza lilitenda kazi yake. Soko kuu la Kariakoo jijini Dar es Salaam liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, maduka yakiwa yamefungwa na wenye mali wakiwa majumbani. Mwenye duka la Nyamuswa anayefunga kufuli saa mbili usiku na kurudi saa moja asubuhi ameliacha duka lake saa kumi na moja bila jicho.

Sasa niingie katika kile kinachoitwa mfumo wenye anwani, maana hapa ndipo wafanyabiashara wengi huuziwa kitu wasichokijua.

Mnakumbuka mwaka 2022 Operesheni ya Anwani za Makazi ilipofika katika vitongoji vyetu. Kila nyumba ilipewa namba, kila njia ikapewa jina, na baadhi yetu tulicheka kwa kuwa kila mtu hapa anamjua kila mtu. Lakini mgeni hamjui mtu. Dereva wa gari la wagonjwa aliyetumwa "kwa mama fulani karibu na mwembe" atazunguka. Aliyepewa namba atafika. Mifumo ya kengele za moto nayo imegawanyika vivyo hivyo, ile ya kwa mama fulani na ile ya namba.

Mfumo wa kawaida, ambao ni wa zamani na wa bei nafuu, huligawa jengo katika kanda. Tuseme gesti ina kanda tatu: vyumba vya mbele, vyumba vya nyuma, na jiko na stoo. Ving'amuzi vyote vya kanda moja vimeunganishwa kwenye waya mmoja kuelekea kwenye kisanduku kikuu, ambacho mafundi hukiita paneli. Kimoja kikinusa moshi, taa ya kanda ya pili inawaka. Mlinzi anajua kwamba kuna moshi mahali fulani katika vyumba vinane vya nyuma. Atagonga mlango gani kwanza?

Katika mfumo wenye anwani, kila king'amuzi kina namba yake, iliyowekwa na fundi kwenye kitako chake au ndani ya kifaa chenyewe. Waya mmoja unaweza kubeba zaidi ya vifaa 100, kutegemea mtengenezaji. Paneli huvipitia kwa zamu, usiku na mchana, kama mwalimu anayeita mahudhurio, na kila kimoja hujibu hali yake. Kikinusa moshi, maandishi hutokea kwenye kioo cha paneli: king'amuzi namba 14, bweni la pili, upande wa mashariki. Kisipojibu kabisa, kwa kuwa kimeng'olewa au waya umekatwa na panya, paneli inalia kwa sauti nyingine na kutaja namba ya aliyekosekana. Waya wenyewe hutoka kwenye paneli, huzunguka jengo na kurudi palepale ulipoanzia, hivyo ukikatika mahali pamoja vifaa vyote bado vinafikiwa kutoka upande mmoja au mwingine. Ili hitilafu ya waya mahali pamoja isiue mzunguko mzima, huwekwa vitenganishi vinavyokifunga kipande kibovu peke yake. Mkandarasi akiwaletea makadirio yasiyo na vitenganishi hivyo, muulizeni kwa nini.

Kwa kata kama yetu, ambako gari la zimamoto hutoka mjini, jambo hili si anasa. Watakaofika kwanza ni mlinzi, matroni, mpishi na majirani. Kama paneli imewaambia chumba, wataelekea chumba hicho. Kama imewaambia "upande wa nyuma", watatumia dakika zao za mwanzo kufungua milango isiyo na moto.

Hata hivyo, anwani ina faida pale tu inapokuwa ya kweli. Fundi asiye makini huacha paneli ikiandika "kifaa 014" bila jina la chumba, na ramani ya jengo hubaki kwenye simu yake. Shule hugeuza stoo kuwa bweni kidato kipya kinapoingia, na paneli huendelea kuiita stoo. Siku ya moto mtu atasoma "stoo" na kusema, afadhali, hakuna anayelala humo. Namba zote ziandikwe kwenye karatasi ngumu yenye mchoro wa jengo, ibandikwe kando ya paneli, na kila chumba kikibadilishwa matumizi, karatasi na paneli zibadilishwe siku hiyohiyo.

Namna king'amuzi kinavyonusa ni habari nyingine, nayo inatofautiana. Ziko aina mbili kuu. Ya kwanza hutumia mwanga: ndani kuna taa ndogo na jicho la umeme lisiloitazama taa hiyo moja kwa moja, moshi ukiingia, mwanga hutawanyika na kuligusa jicho. Ya pili, ambayo mara nyingi ndiyo rahisi kutengeneza, huitwa ya ioni. Ndani yake kuna chumba kidogo chenye bamba mbili za chuma na chembe ya amerisiamu-241, madini yenye mionzi. Mionzi hiyo huipa hewa iliyo katikati ya bamba chaji ya umeme, na mkondo hafifu sana hupita. Chembe za moshi zikiingia huzinasa ioni, mkondo hupungua, na kifaa hulia.

Aina hii iligunduliwa kwa njia ya upande. Miaka ya 1930, mwanasayansi wa Uswisi Walter Jaeger alikuwa akitafuta chombo cha kunusa gesi ya sumu. Gesi haikukishtua chombo chake. Inasimuliwa kwamba aliwasha sigara kwa kuchoka, na mshale wa mita ukashuka. Mswisi mwenzake, Ernst Meili, ndiye aliyekiendeleza kikawa kitu cha kufaa katika majengo miaka ya 1940. Pengine ndiyo faida pekee ya sigara niliyowahi kuisikia.

Tofauti ya aina hizi mbili ni ya kivitendo kabisa. King'amuzi cha ioni ni hodari kwa moto unaowaka kwa mwali tangu mwanzo na kutoa chembe ndogo ndogo za moshi: petroli, karatasi, chandarua kilichoshika mshumaa. King'amuzi cha mwanga ni hodari kwa moto unaofukuta na kutoa moshi mzito: godoro la sponji lililoangukiwa na kichungi cha sigara, waya wa umeme unaoungua taratibu ndani ya ukuta, na pamba. Sisi watu wa Bunda tunaijua pamba. Robota linaweza kufukuta kwa ndani kwa muda mrefu bila mwali kuonekana. Kwa stoo ya pamba, kuning'iniza king'amuzi cha ioni peke yake ni kumweka mlinzi anayeona vizuri mchana pekee.

Rai yangu, kama mnaiomba, ni hii: kwa mabweni, gesti na maghala ya pamba, chagueni cha mwanga au kile kinachochanganya njia mbili katika kifaa kimoja, cha ioni kiwekwe pale ambapo mafuta na karatasi ndiyo hatari kubwa, na mwenye jengo awe anajua alichokinunua. Jikoni kisiwekwe cha aina yoyote kati ya hivyo, bali king'amuzi cha joto. Moshi wa kuni utakiliza kila siku saa sita mchana, na baada ya wiki mbili mpishi atapanda kiti na kukivisha mfuko wa plastiki. Vumbi la mashine ya kusaga hufanya hivyohivyo. Buibui na vijidudu vinavyoingia kwenye chumba cha kunusia navyo huleta kelele za bure. Ndiyo sababu vifaa hivi husafishwa na kujaribiwa kwa ratiba, na kwa kawaida hubadilishwa baada ya takriban miaka 10 hata kama bado vinalia.

Kelele za bure ni hatari kuliko bei. Jengo lenye kengele iliyozimwa kwa kuwa ilisumbua liko katika hali mbaya zaidi ya lile lisilo na kengele, kwa sababu watu wake wanalala wakidhani wanalindwa. Katika mfumo wenye anwani, kifaa kinachosumbua kinajulikana kwa namba na kinaweza kutengwa peke yake hadi fundi afike, huku vingine vikiendelea na kazi. Hapo bei yake inaanza kujilipa.

Nimeulizwa na ndugu kadhaa kuhusu ile mionzi. Niseme bila kuzungukazunguka. Kikiwa darini, kizima, king'amuzi cha ioni hakimdhuru anayelala chini yake. Kiasi cha amerisiamu kilichomo katika kimoja cha kawaida ni chini ya sehemu moja ya milioni ya gramu, na mionzi yake ya alfa haivuki hata karatasi. Hatari huanza pale kinapovunjwa, kuchomwa au kusagwa, kwa sababu chembe hiyo ikiingia mwilini kwa kuvutwa au kumezwa, hapo mionzi ileile isiyovuka karatasi huwa ndani ya pafu. Na amerisiamu haichoki haraka: huchukua takriban miaka 432 kupungua nusu.

Nawasemea hasa vijana wa vyuma chakavu, kwa heshima ya kazi yao. Mwaka 1987 katika mji wa Goiânia, Brazili, watu walichukua mashine ya tiba ya mionzi iliyoachwa katika jengo la hospitali lililohamwa, wakaibomoa na kuiuza kama chuma chakavu. Watu 4 walikufa na mamia wakapatikana na uchafuzi wa mionzi. Chanzo kile kilikuwa na nguvu kupita kiasi, na king'amuzi kimoja cha moshi hakifanani nacho hata kidogo. Lakini mwenendo wa watu ni uleule: kifaa kimeng'olewa, hakuna anayejua kilichomo, mtu anakipiga nyundo apate shaba. Atakayevunja ving'amuzi 200 vya jengo zima katika uwanja wa nyumba yake, watoto wakicheza kando, anajitafutia madhara. Geuzeni kifaa na msome mgongoni. Kikiwa na alama ya mionzi, yaani mabawa matatu yaliyozunguka kitone, au maandishi Am-241, msikivunje, msikichome na msikitupe jalalani. Nchini kwetu, Tume ya Nguvu za Atomu, chini ya Sheria ya mwaka 2003, ndiyo inayosimamia uingizaji, umiliki na utupaji wa vyanzo vya mionzi. Mwenye jengo anayeng'oa mfumo wa zamani awasiliane na Tume kabla ya fundi kupanda ngazi, na mkataba na msambazaji useme wazi nani atavichukua vikizeeka. Nchi nyingi zimeanza kuviacha vifaa hivi, si kwa sababu vinaua wanaolala, bali kwa sababu ya usumbufu huu wa mwisho wa maisha yake. Kwa hiyo mkiletewa vya mtumba kutoka ng'ambo kwa bei ya kutupa, jiulizeni nani anayetupa, na anamtupia nani.

Kuhusu umeme, hamhitaji afisa kuwaambia kwamba hukatika. Mfumo wa kweli una betri za akiba ndani ya paneli. Viwango vinavyotumiwa kimataifa kwa kawaida hutaka zibebe mfumo saa 24 bila umeme wa gridi na bado zibaki na nguvu ya kuliza kengele. Betri hizo huchoka kimyakimya. Zijaribiwe kwa kuzima umeme mkuu na kusubiri, siyo kwa kutazama taa ya kijani.

Sitaki mtu wa duka moja la kanga na vitenge aondoke hapa akidhani anahitaji paneli. Kwa chumba kimoja au viwili, king'amuzi cha kujitegemea chenye betri yake ndani kinatosha, mradi kuna mtu wa kukisikia. Duka ambalo hakuna anayelala karibu nalo linahitaji kengele ya nje. Mfumo wenye anwani ni kwa jengo ambalo mtu aliyesimama mlangoni hawezi kulisikia na kuliona lote: gesti kubwa, bweni, kituo cha afya, ghala, jengo la fremu nyingi chini ya paa moja. Na mwenye kujenga sasa ana bahati, kwa sababu kupitisha waya ukutani kabla ya plasta ni nafuu mno kuliko kutoboa baadaye. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 inalipa Jeshi hilo mamlaka ya kukagua majengo, kwa hiyo pelekeni michoro kwao kabla ya msingi. Namba yao ya dharura ni 114, na kupiga ni bure. Iandikwe mahali pamoja na ile karatasi ya anwani, kwa wino usiofutika.

Limebaki la ufunguo. Kengele ikilia saa nane usiku na kutaja bweni la pili, upande wa mashariki, na mlango wa mashariki una kufuli kwa nje, basi tumenunua kifaa cha gharama cha kutuambia watoto wanafia wapi. Najua kwa nini walimu hufunga: wanaogopa wavulana wa nje, wanaogopa utoro, wanaogopa lawama za wazazi. Hofu hizo ni halali. Lakini zipo komeo zinazofunguka kwa ndani kwa kusukuma, bila ufunguo, na kubaki zimefungwa kwa nje. Bweni liwe na milango miwili ya namna hiyo katika pande mbili tofauti, inayofunguka kuelekea nje, na angalau madirisha kadhaa yenye nondo za bawaba zinazofunguliwa kwa ndani. Kabla bodi ya shule haijaniuliza bei ya paneli, nitaiuliza swali moja: usiku wa leo, nani analala na ufunguo, na analala wapi?

Nakaribisha maswali, na ningeomba wenye mabweni waanze.